Meya Anamwogopa Nani?

Mwadila, ndugu zangu. Naona nyuso zilezile za mwaka jana, na mnavyonong'ona huko nyuma nawasikia: mzee ataanza tena na Los Angeles. Ndiyo, naanza nayo, maana hoja yangu ni ileile: mpiga kura mwenyewe awe na haki ya kumwondoa meya katikati ya muhula.

Mwaka 1938 meya wa jiji lile aliitwa Frank Shaw. Ndugu yake, Joe, alikaa ofisini kama katibu wake, na pale ofisini vyeo vya polisi na zimamoto vilikuwa na bei kama sangara mnadani. Kamari na madanguro mchana kweupe, maana waliopaswa kuyafunga walikuwa na mgawo wao. Nani akasimama? Clifford Clinton, mwenye mikahawa. Tuseme baba ntilie mwenye mtaji. Msicheke! Oktoba 1937 nyumba yake ililipuliwa kwa bomu. Januari iliyofuata likategwa jingine kwenye gari la Harry Raymond, mpelelezi wa kujitegemea aliyekuwa anafukua uozo ule. Alipona, mwili umejaa vipande vya chuma. Na aliyelitega ni nani? Kapteni wa polisi, Earl Kynette, mkuu wa kikosi cha upelelezi. Nasema polisi! Huyo alifungwa.

Lakini Shaw mwenyewe hakutiwa hatiani na mahakama yoyote. Wangemngoja hakimu, angemaliza muhula wake akila kuku. Ila sheria ya jiji, tangu 1903, iliwaruhusu wananchi kumwondoa kiongozi katikati ya muhula. Wakakusanya saini, Septemba 16, 1938 wakapiga kura, wakamtoa, na siku hiyohiyo wakamweka Jaji Fletcher Bowron.

"Mwalimu, hayo ni ya Marekani." Haya, njoo mwaloni. Nahodha akijulikana anauza petroli ya injini pembeni, vijana wanafanyaje? Kesho hawaonekani, wamepanda mtumbwi wa tajiri mwingine. Hawasubiri miaka mitano. Hawasubiri TAKUKURU.

Sisi wa Nyamagana, hapa Mwanza, je? Unampigia kura diwani. Madiwani wanaingia ukumbini, wanamchagua meya kati yao wenyewe. Kumwondoa ni wao tena, theluthi mbili. Mama wa dagaa aliyelipa ushuru asubuhi na mapema hana mlango wa kuingilia. Meya anamwogopa diwani, kwa nini amwogope mama wa dagaa? Kumbukeni Dar es Salaam, Januari 2020, madiwani walipomwondoa meya wao. Ubishi ulikuwa juu ya idadi: imetimia, haijatimia. Mkazi wa Manzese hakuulizwa kitu.

Na kabla hujaniambia jambo hili ni geni kwetu, Rasimu ya Jaji Warioba, ile ya katiba mpya, ilitaka wapiga kura waweze kumwondoa mbunge. Mbunge tu, meya hata hakutajwa! Mwaka 2014 Bunge Maalum la Katiba likakifuta kipengele kile. Na wengi mle ndani walikuwa akina nani? Wabunge. Fisi kaulizwa kama zizi lifungwe.

Kuna kijana ataniambia haki hii itanunuliwa. Una hoja, mwanangu, sikufichi. Mwaka 2013 watu wa Lima, Peru, walipiga kura ya kumwondoa meya wao, Susana Villarán. Akanusurika. Mwaka 2019 akakiri kwamba kampeni ya kumwokoa ilipewa fedha na Odebrecht na OAS, makampuni ya ujenzi ya Brazili. Umeona fedha ziliingia upande gani? Upande wa kumbakiza! Makandarasi waliiona kura ile kuwa kitu cha kulipia. Kwa nini wewe uione takataka? Dawa ni kuweka hesabu za kampeni wazi, za pande zote mbili, na hapo... naam, mwenyekiti? Dakika mbili?

Basi. Oakland, Marekani, Novemba 2024, meya Sheng Thao ameondolewa kwa kura. Januari 2025 akashtakiwa kwa rushwa, amekana. Nilitaka pia kusema habari ya Kenya na wabunge wao, niiache. Seattle, kulekule Marekani, 1911, walimng'oa meya Hiram Gill, wanawake wakipiga kura kwa wingi, haki hiyo wameipata miezi michache tu nyuma. Na 1914 mji uleule ukamchagua tena Gill.

Cheka tu, bwana. Kosa lilikuwa lao, si la kamati ya watu ishirini chumbani. Haya, maswali. Na yule wa "mwalimu, kule ni Marekani" aanze yeye.