Pima Chupa Kabla ya Kumpima Muuguzi: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Uuguzi, Famakolojia na Kemia

Habari za asubuhi, wanafunzi. Walimu wangu mliokaa mstari wa mbele, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie utafiti wa wanafunzi katika fani tatu. Sitazipitia moja moja. Nitashika kitu kimoja kinachozikutanisha zote: chupa ya kitakasa mikono inayotundikwa mlangoni mwa wodi. Mwanafunzi wa uuguzi huandika tasnifu kuhusu wauguzi wanaotakasa mikono na wasiotakasa. Wa famakolojia hupima kama dawa ile inaua vimelea. Wa kemia hupima alkoholi iliyomo. Kila mmoja hufanya kwake, na tasnifu tatu hukaa kwenye makabati matatu. Mimi nasema hii ni kazi moja, na ina mpangilio wake: kemia kwanza, famakolojia pili, wodi mwisho. Ukienda wodini kabla ya kujua kilichomo kwenye chupa, ukaona maambukizi hayapungui, huna namna ya kujua kama tatizo ni mikono ya watu au ni maji yenye harufu ya spiriti.

Tuanze na utengenezaji. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 una michanganyiko miwili. Wa kwanza, kwa lita 10, unataka ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417. Gliserini ya asilimia 98 mililita 145. Kisha maji yaliyokenekwa, au yaliyochemshwa yakapoa, hadi alama ya lita 10. Unapata ethanoli asilimia 80 kwa ujazo, peroksaidi asilimia 0.125 na gliserini asilimia 1.45. Mchanganyiko wa pili unatumia isopropanoli ya asilimia 99.8, mililita 7,515, na kufikia asilimia 75. Vingine havibadiliki.

Sasa sikilizeni hapo penye "hadi alama". Jumlisha vile vitatu vya kwanza, unapata mililita 8,895. Mwanafunzi anatoa kwenye 10,000, anaona zimebaki 1,105, anapima maji hayo na kumimina. Halafu anashangaa mbona ndoo haijafika lita 10. Ethanoli na maji vikichanganyika husinyaa. Kwa ujazo huu upungufu unakaribia mililita 200. Kwa hiyo maji hayapimwi pembeni. Yanaongezwa taratibu mpaka alama, mchanganyiko unakorogwa, unaachwa upoe maana hupata joto kidogo, kisha unaongezwa tena.

Gliserini nayo ni nzito na hung'ang'ania silinda ya kupimia. Usipoisuuza silinda kwa maji yale yale yatakayoingia ndooni, sehemu ya gliserini inabaki ukutani. Muuguzi anayetakasa mikono mara nyingi kwa zamu moja ngozi itamkauka, itapasuka, na ataanza kuikwepa chupa. Mtafiti atamwandika "hafuati taratibu", wakati kosa lilifanyika kwenye silinda.

Peroksaidi haiwekwi kwa ajili ya mikono. Kazi yake ni kuua spora za bakteria zilizoingia na maji au zilizokuwa kwenye chupa, kwa sababu alkoholi haiui spora. Ndiyo maana chupa zikishajazwa hukaa saa 72 kabla ya kutumika. Na angalieni lebo mnaponunua. Ile ya "volyumu 10" ndiyo asilimia 3. Ya "volyumu 20" ni asilimia 6 hivi, na ukiweka mililita 417 zake umeweka mara mbili.

Kuhusu moto sitasema mengi, ila hili lisisahaulike: ethanoli ya asilimia 80 hutoa mvuke unaoweza kushika moto kuanzia nyuzi joto 17.5 za Selsiasi. Dar es Salaam au Mombasa mchana huwa mko juu ya hapo. Mwongozo unaweka kikomo cha lita 50 kwa mkupuo mmoja, yaani kwa utengenezaji mmoja, panapokosekana mfumo maalumu wa hewa. Madirisha wazi, jiko mbali, simu mbali.

Upimaji wa alkoholi hufanywa kwa alkoholimita, kifaa kinachoelea kwenye kimiminika na kuonyesha asilimia ya alkoholi, na hapa ndipo namba nyingi za wanafunzi huharibika. Kifaa hicho kimegawanywa kwa kipimo cha nyuzi 20. Kwenye maabara yenye nyuzi 30 kimiminika ni chepesi zaidi, kifaa kinazama zaidi, nawe unasoma juu ya ukweli. Kosa ni kama 0.3 ya asilimia kwa kila nyuzi moja, yaani asilimia 3 hivi kwa nyuzi 10. Unasoma 77, unashangilia kuwa umo ndani ya mipaka ya 75 hadi 85, kumbe una 74 na umefeli. Ama poza sampuli kwenye maji hadi nyuzi 20, ama tumia jedwali la kusahihisha. Andika joto pembeni mwa kila usomaji. Daftari lisilo na safu ya joto halitetei namba yoyote. Gliserini nayo hufanya kimiminika kiwe kizito, hivyo inavuta usomaji chini kidogo. Dawa yake ni kutengeneza mchanganyiko wako wa rejea, wenye viungo vyote kwa vipimo unavyovijua, na kulinganisha nao.

Tena, taja kila mara kama asilimia yako ni ya ujazo au ya uzito. Asilimia 80 kwa ujazo ni karibu 73.5 kwa uzito. Kuna tasnifu zinazolinganisha vitakasa viwili na kuhitimisha kuwa kimoja ni hafifu, kumbe viko sawa na lebo ndizo zimetumia vipimo tofauti.

Na alkoholimita haijui inazama ndani ya nini. Uzito wa methanoli na ule wa ethanoli kwa ujazo mmoja unakaribiana mno, 0.792 kwa 0.789. Mtu akichanganya methanoli, kifaa kitakuonyesha asilimia 80 safi kabisa. Methanoli ni sumu: inapofusha na inaua ikinywewa, na ngozi pia huipitisha. Kama ethanoli imenunuliwa kwa muuzaji asiye na cheti cha uchambuzi, peleka sampuli kwenye maabara yenye kromatografia ya gesi, njia inayotenganisha alkoholi moja na nyingine, kabla hujampa mtu yeyote aipake.

Peroksaidi tunaipima kwa titresheni, yaani kuongeza kidogo kidogo kimiminika cha nguvu inayojulikana mpaka rangi ibadilike. Wengi hukimbilia pamanganeti ya potasiamu kwa sababu rangi yake inajionyesha yenyewe. Ndani ya kitakasa mikono nawashauri muiache: pamanganeti inaweza kuishambulia alkoholi na gliserini pia, rangi ya waridi inafifia, nawe unaendelea kuongeza ukidhani hujafika. Tumieni njia ya iodini. Chukua mililita 10 za sampuli kwa pipeti, ongeza kama mililita 50 za maji, asidi ya salfyuriki iliyozimuliwa, gramu moja ya potasiamu iodaidi na matone machache ya molibdeti ili kuharakisha. Funika, weka gizani kwa dakika 5 hadi 10. Iodini itakayotoka itakuwa ya kahawia. Titri kwa sodiamu thaiosalfeti ya 0.1 M mpaka ibaki manjano hafifu, ndipo utie wanga, kisha endelea mpaka bluu ipotee. Ukitia wanga mapema hushikana na iodini nyingi na bluu inachelewa kuondoka. Maji yale mililita 50 nayo yana sababu: wanga haufanyi kazi vizuri kwenye alkoholi nyingi.

Kila mililita ya thaiosalfeti hiyo ni sawa na miligramu 1.701 za peroksaidi. Kitakasa sahihi kina miligramu 12.5 ndani ya mililita 10, kwa hiyo tegemea kusoma karibu mililita 7.35 kwenye bureti, lile bomba la kupimia unalotitria. Fanya na kipimo kitupu, chenye kila kitu isipokuwa sampuli, ukitoe kwenye jibu. Ukipata 3 badala ya 7, uliza chupa ya peroksaidi ilikaa wapi. Huoza kwa mwanga na joto, na duka lenye dirisha la jua linatosha kuimaliza nguvu.

Hapo mwanafunzi wa kemia anamkabidhi chupa mwenzake wa famakolojia, ikiwa na namba ya mkupuo na matokeo yote.

Wa famakolojia, tafadhali, achana na kutoboa mashimo kwenye agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria, na kupima duara ambamo hawakuota. Njia hiyo inafaa kwa dawa inayosambaa na kubaki. Ethanoli hupaa kabla bakteria hawajakua. Utapata duara dogo, uandike kuwa kitakasa hakifai, nawe utakuwa umepima upepo wa maabara. Tunachotaka ni vimelea kuwekwa ndani ya dawa kwa muda uliopimwa, kisha kuhesabu waliobaki hai.

Njia ya kawaida ya Ulaya, EN 13727, huchanganya mililita 1 ya vimelea, 1 ya albumini inayowakilisha uchafu, na 8 za dawa. Angalieni kilichotokea: dawa ya asilimia 80 sasa ni 64. Ukiripoti matokeo hayo kama ya asilimia 80 umesema uongo bila kukusudia. Kwa sababu hiyo yapo marekebisho yanayotumia mililita 9.7 za dawa, 0.2 za albumini na 0.1 ya vimelea vilivyokolezwa. Sekunde 30 zikitimia, toa mililita 1, ingiza kwenye mililita 8 za kizimishi na 1 ya maji. Kizimishi ndicho kinachosimamisha dawa isiendelee kuua ndani ya bomba na kwenye sahani. Kwa mchanganyiko wetu, polisobeti 80, lesithini na thaiosalfeti kidogo kwa ajili ya peroksaidi vinafaa. Lakini thibitisha mambo mawili: kwamba kizimishi chenyewe hakiui vimelea, na kwamba kweli kinaizima dawa. Bila vithibiti hivyo viwili sahani tupu haina maana. Huenda vimelea walikufa baada ya muda wako kwisha.

Hesabu sahani zenye makundi kati ya 30 na 300. Ukianza na 10,000,000 ukabaki na 100, umepunguza logi 5, yaani umegawanya kwa 10 mara tano, na hicho ndicho kiwango kinachodaiwa kwa bakteria kwenye njia hii. Usiandike "asilimia 99.9" ukadhani umesifu, hiyo ni logi 3 tu. Na usidhani alkoholi ikizidi ndiyo bora. Ethanoli ya asilimia 96 huua kidogo kuliko ya 80, kwa kuwa protini za kimelea zinahitaji maji ili ziharibike.

Sasa chupa inaweza kwenda wodini, na mwanafunzi wa uuguzi anaingia na fomu. Nyakati tano mnazijua: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayodai usafi wa hali ya juu, baada ya hatari ya majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Kinachowachanganya watu ni kuhesabu. Muuguzi anamaliza kumpima presha mgonjwa wa kitanda cha 4, anakwenda moja kwa moja kumshika wa kitanda cha 5. Hapo kuna sababu mbili za kutakasa, lakini fursa ni moja, na kitendo kimoja kinaitimiza. Ukihesabu fursa mbili umemshusha hadi nusu mtu aliyefanya kila kitu sawasawa. Akivaa glavu bila kutakasa, fursa imepotea. Glavu hazihesabiwi kuwa kitendo.

Kaeni kama dakika 20 kwa kipindi, msifuatilie zaidi ya watu 3 kwa pamoja, na mlenge fursa 200 kwa wodi. Naomba tuiseme wazi ile namba 384 inayojaa kwenye tasnifu zetu. Inatokana na 1.96 mraba, mara 0.5, mara 0.5, gawa kwa 0.05 mraba. Ni jibu sahihi pale ambapo kila kipimo kinajitegemea. Fursa 384 kutoka kwa wauguzi 12 hazijitegemei, kwa sababu mwenye mazoea ya kutakasa atatakasa mara zote. Mpe kila muuguzi namba ya siri kwenye fomu, na umwombe mtaalamu wa takwimu akusaidie kuzingatia kuwa vipimo vyako vimo kwenye makundi.

Tena mtu akijua anaangaliwa hubadilika. Pambana na hilo kwa kupima chupa zenyewe. Zipime uzito Jumatatu na Jumatatu inayofuata, na ugawanye matumizi kwa siku za wagonjwa. Kigezo kinachotumika ni lita 20 kwa siku 1,000 za wagonjwa. Wodi yenye wagonjwa 30 kwa siku 30 ina siku 900, kwa hiyo tegemea lita 18. Fomu zikisema asilimia 80 wametakasa na chupa zikionyesha lita 4, ziamini chupa, halafu katafute kwa nini. Mara nyingi kitakasa kimefungiwa kabatini na mwenye ufunguo hayupo zamu ya usiku.

Vibali vianze mapema: kamati ya maadili ya chuo, halafu NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kwa Tanzania bara pale panapohitajika, au leseni ya NACOSTI (Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu) kwa Kenya, na barua ya hospitali. Majina ya wauguzi yasionekane popote.

Kwenye andiko lenu wekeni pia kifungu ambacho wengi hukisahau: mtafanya nini mkikuta chupa iliyo kazini ina ethanoli asilimia 60. Matokeo hayo hayasubiri utetezi wa tasnifu. Rudia kipimo siku hiyo hiyo kwa sampuli ya pili, mwandikie muuguzi mkuu wa wodi na mfamasia wa hospitali ukitaja namba ya mkupuo, na uombe chupa zote za mkupuo huo ziondolewe. Hifadhi mililita 100 za sampuli kwenye chupa ya kahawia iliyofungwa vizuri, kwa sababu mfamasia atataka kuipima mwenyewe.