Kagueni Mkoba wa Dawa wa Mama

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo.

Kila nikizungumzia ugonjwa wa Alzheimer, huu unaoharibu ubongo na kufuta kumbukumbu, lazima mtu aniambie, “Daktari, si uzee tu huo?” Si uzee! Auguste Deter, mgonjwa aliyechunguzwa na Alois Alzheimer mwenyewe, daktari ambaye ugonjwa umeitwa kwa jina lake, kule Frankfurt, Ujerumani, alilazwa mwaka 1901 akiwa na miaka 51. Alipoulizwa jina la mumewe alijibu, “Nadhani Auguste.” Humu ndani wamo waliompita umri na bado wanapiga hesabu za vikoba kichwani.

Sasa dawa. Binti mmoja aliniletea mama yake. Mama alibandika sufuria ya chai bila maji mara mbili wiki ile, na sukari ameificha chini ya mto. Nikaandika donepezili, dawa ya Alzheimer. Baada ya miezi miwili binti karudi amenuna: “Dawa haifanyi kazi, mama ni yule yule.” Nikamwambia, mwanangu, kubaki yule yule ndiyo kazi yake. Seli za ubongo hupashana habari kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Ugonjwa unaua seli zinazoitengeneza. Donepezili inalinda kile kidogo kilichobaki, seli zilizokufa haizifufui.

Nikamwomba amwage mkoba mezani. Vikatoka vidonge vyangu, na kwenye kikaratasi kilichokunjwa, piriton! Mama halali, kwa hiyo kila usiku anapewa viwili. Jamani, piriton inaizuia asetilikolini hiyo hiyo. Mkono mmoja unajaza ndoo, wa pili unaitoboa. Mtaniambia mbona inauzwa bila cheti? Kuuzwa bila cheti si kumfaa kila mzee. Na usingizi wenyewe ulikatwa na donepezili iliyomezwa usiku. Tukaihamishia asubuhi, piriton tukaitupa, mama akalala.

Naona naonyeshwa saa. Haraka basi: ugonjwa huu hutambaa kwa miaka, kwanza habari za leo asubuhi, kisha njia ya nyumbani, kisha nyuso, mwisho hata kumeza. Lakini mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku mbili, huenda si Alzheimer: mpimeni malaria, sukari na mkojo.

Lecanemab mnayoiulizia, dawa mpya ya Alzheimer iliyopata idhini kamili Marekani mwaka 2023, ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa asilimia 27 katika miezi 18. Haiponyi. Ni ya walio mwanzoni, dripu kila wiki mbili, na vipimo vya MRI, yaani picha za ubongo, kwa sababu ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu. Msiuze shamba.

Mliokuja na mikoba ya dawa, nitakuwa meza ile ya pembeni.