Makali Yanakwenda Wapi Kisu Kikiwa Kimelala?

Mhadhara kwa wapasuaji wa samaki na wauza nyama, Kirumba, Mwanza

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi wengine, habari za asubuhi. Ahsanteni kwa kuziacha meza zenu saa hizi, maana najua sangara hangoji.

Swali mlilonitumia ni hili: kisu kinanolewa Jumamosi jioni, kinakata vizuri, kinafutwa na kuwekwa. Jumatatu kinatolewa, kinateleza juu ya ngozi ya sato. Hakuna mtoto aliyekichezea wala jirani aliyekiazima. Makali yamekwenda wapi?

Nitangulize lile ambalo siyo sababu. Wengi wanaamini chuma kikikaa kinachoka, kwamba makali yanalegea yenyewe. Hayalegei. Ili chuma cha pua kianze kunyumbuka polepole bila kuguswa, kinahitaji joto la nyuzi 400 hivi na kuendelea, na sanduku lako la vyombo halitafika huko. Tafuteni mwizi mwingine.

Kumpata, lazima tujue tunachokilinda ni kidogo kiasi gani. Unywele wa mtu una unene wa mikromita 50 hadi 100, na mikromita 1 ni milimita iliyogawanywa mara 1,000. Kisu kilichonolewa vizuri, pale kabisa pande mbili zinapokutana, hakizidi mikromita 1. Wembe mpya ni mwembamba zaidi, karibu sehemu ya 10 ya hapo. Makali yote mnayoyalipia kwa mnoaji yako katika ukingo huo ambao jicho haliuoni. Ukiondoka, bapa linabaki zuri, linang'aa, na kisu ni butu.

Na kutu inaanzia hapo hapo. Kwenye bapa kutu hula juujuu tu na chini kuna chuma kingi, lakini ukingo unashikwa pande zote mbili kwa pamoja, na chuma cha kuliwa ni kidogo. Isitoshe, jiwe limetoka kuuvua ngozi yake yote. Mafuta hayapo, utando wa zamani haupo, ni chuma kitupu mbele ya maji na oksijeni.

Tupige hesabu. Kiwango cha kimataifa ISO 9223 kinapanga mazingira kwa kasi ya kutu. Mahali penye unyevu na uchafu wa wastani, chuma cha kawaida hupoteza mikromita 25 hadi 50 katika mwaka wa kwanza. Chukueni ile ndogo, 25, mgawe kwa wiki 52. Mnapata karibu nusu ya mikromita kila wiki. Kwa nondo ya nyumba hiyo si kitu. Kwa ukingo ambao wote haufiki mikromita 1, wiki mbili zimemaliza kazi, na bapa huenda halijaonyesha hata doa moja jekundu. Ndiyo maana mtu ananiapia kwamba kisu chake hakina kutu. Kutu anayoisubiri aione ilikwisha kuyala makali zamani.

Ndani ya nyumba kavu kasi ni ndogo mno, chini ya mikromita 1.3 kwa mwaka mzima. Lakini visu vyenu haviishi katika nyumba kavu. Ninyi mnaotengeneza kayabo, samaki wa chumvi, mnashika chumvi mchana kutwa. Chumvi safi huanza kuvuta maji hewani unyevu ukifika asilimia 75, na usiku wa masika hapa ziwani hewa inafika hapo bila taabu. Chumvi ya mawe isiyosafishwa mara nyingi ina madini ya magnesi ndani yake, nayo huvuta maji hata hewa ikiwa kavu kuliko hapo. Kwa hiyo kisu kilichofutwa juujuu, chembe za chumvi zikabaki, kinajilowesha chenyewe usiku. Wale mnaochomeka kisu kwenye barafu ya samaki nao mjue: kikitoka pale kikakutana na hewa ya joto, kinapata umande papo hapo. Ukikirudisha kwenye ala hivyo hivyo, umeyafungia maji ndani.

Stenlesi je? Ina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, na hiyo hujitengenezea utando mwembamba unaozuia hewa. Inasaidia sana. Lakini chumvi ndiyo adui mkubwa wa utando huo, huutoboa vitundu vidogo vidogo. Vile visu vinavyofuliwa kwa springi za gari, ambavyo mimi navipenda kwa jinsi vinavyoshika makali, kromiamu yake kwa kawaida haifiki hata asilimia 1. Hivyo vinadai matunzo kila siku.

Ufukwe huu umekijua chuma siku nyingi. Warongo wa Uzinza, kusini-magharibi mwa ziwa, walikuwa wahunzi wenye sifa, na ng'ambo ya ziwa, Kagera, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika mwaka 1978 kuhusu matanuri ya kale yaliyotoa chuma chenye kaboni. Katika machimbo kama hayo, kinachopatikana kwa wingi ni mashimo ya matanuri na mavi ya chuma, yaani takataka zinazobaki chuma kikiyeyushwa. Zana zenyewe udongo wenye unyevu umezila.

Sasa mwizi wa pili, na huyu ndiye anayewapata wengi wenu zaidi ya kutu. Unaponoa upande mmoja, chuma chembamba husukumwa na kukunjikia upande wa pili, kikasimama kama uzi kwenye ukingo. Uzi huo ni mkali kweli kweli. Utanyoa nao malaika ya mkono, utakata karatasi, utamsifu mnoaji. Lakini umeshikilia kwa udhaifu. Kisu kikipita kwenye mdomo wa ala au kikigusana na kijiko sandukuni, uzi unalala au unakatika. Jumatatu unasema makali yamepotea. Hayakuwahi kuwapo, chini ya uzi kisu kilikuwa butu tangu Jumamosi.

Utambueje? Pitisha ukucha taratibu kutoka kwenye bapa kuelekea nje ya ukingo, pande zote mbili. Ukikwama upande mmoja, uzi upo. Uondoe kwa kupitisha kisu juu ya jiwe laini kwa mkono mwepesi sana, mara moja huku, mara moja kule, kisha ukivute kinyumenyume kwenye mkanda wa ngozi. Wanoaji wa baiskeli wanaharakisha, na hatua hii ndiyo wanayoiacha. Iombeni. Mnalipa.

Mama hapa mbele ameuliza akiweke wapi. Mama yangu, kioshe kwa maji safi chumvi itoke, kikaushe kwa kitambaa kikavu, kisha kiache nje kidogo karibu na jiko kabla hujakifunika. Paka mafuta ya mgando kiasi cha kung'arisha tu. Mafuta ya pamba na ya alizeti yakikaa yanaganda na kunata, hayafai kwa kisu cha kulala. Ala ya ngozi ni ya kubebea njiani. Ngozi hulainishwa kwa chumvi na asidi, na inashika unyevu. Ubao mkavu wenye mfuo, ukining'inizwa ukutani, ni bora.

Kijana wa nyuma anasema chake kimeshalala mwezi mzima na hakina doa. Usikipeleke kwenye jiwe la umeme, litaunguza ukingo na kuulegeza. Kipitishe mara chache kwenye jiwe laini lililolowa, ondoa uzi, jaribu kwenye nyanya. Kikiingia bila kusukumwa, kutu ilikuwa imegusa juu tu. Kikikataa, rudi kwenye jiwe la kukwaruza uunde ukingo upya, na uhesabu nusu saa ya kazi.