Maji Yanayoingia Baharini kwa Chini

Ndugu wasikilizaji, mto una mdomo. Unaweza kwenda pale na chupa ukachota maji ukayapime. Maji ya ardhini hayana mdomo. Huvuja mchangani taratibu, pengine sentimita chache tu kwa siku, lakini ufuo wote ukivuja hivyo, jumla yake si ndogo. Mwaka 1996 mwanasayansi Willard Moore alipima radiamu, elementi ya mnururisho ambayo maji huichukua yakipita ardhini, katika bahari ya kusini-mashariki mwa Marekani, akaikuta nyingi kuliko mito ingeweza kuileta. Akakadiria kuwa maji yanayotoka chini yalifikia karibu asilimia 40 ya maji ya mito ya eneo lile.

Tusikosee hapo: sehemu kubwa ya maji hayo ni ya chumvi. Ni bahari yenyewe iliyosukumwa mchangani na mawimbi na maji kujaa, ikachanganyika na maji yasiyo na chumvi ya nchi kavu, kisha ikarudi ikiwa imebadilika.

Kubadilika huko ndiko hasa kunakogusa viumbe. Nitrati, yaani nitrojeni iliyoyeyuka majini, itokayo kwenye mbolea na mashimo ya vyoo husafiri na maji bila kushikwa. Fosfeti, yenye fosforasi, hunata kwenye kutu ya chuma iliyoganda juu ya chembe za mchanga. Mimea midogo ya majini, ile isiyoonekana kwa macho, huhitaji wastani wa nitrojeni 16 kwa fosforasi 1, na maji ya ardhini mara nyingi hupita mbali uwiano huo. Mahali oksijeni ilikokwisha chini ya ardhi, bakteria hugeuza nitrati kuwa gesi ikapotea hewani. Kwa hiyo fuo mbili jirani zinaweza kutofautiana kabisa.

Katika ghuba ya Waquoit, Massachusetts, Marekani, nitrojeni ya maji taka ya majumbani ilipitia ardhini hadi ghubani. Mwani ukastawi, ukatanda juu ya majani ya bahari na kuyanyima mwanga, nayo yakatoweka sehemu kubwa. Usiku mwani mwingi hivyo humaliza oksijeni, na samaki hukosa pumzi. La kusikitisha zaidi ni kuchelewa: maji yanaweza kukaa ardhini miaka mingi, hivyo uchafu ukizuiwa leo, ule wa zamani bado uko njiani.

Madhara si ya mbolea tu. Huko Puerto Morelos, Meksiko, chemchemi za chini ya bahari hutoa maji yenye asidi zaidi, na matumbawe yaliyo karibu nazo hujenga mifupa isiyoshikamana vizuri. Visima vikivutwa kupita kiasi, mkondo hugeuka: chumvi huingia nchi kavu.

Kupima uvujaji huu hakuhitaji mitambo ya ghali. Kata kipande cha mwisho cha pipa la lita 208, chenye kipenyo cha sentimita 57. Kididimize mchangani mdomo ukiangalia chini, kikiwa kimeinama kidogo ili gesi ipate njia ya kutokea kwenye tundu lililo juu yake. Kiache siku nzima kitulie. Kisha funga kwenye tundu mfuko wa plastiki wenye maji lita 1 tayari. Mfuko mtupu huvuta maji wenyewe unapojinyoosha, na utadhani ni chemchemi! Baada ya saa 2, tuseme mfuko umeongezeka nusu lita. Eneo la pipa ni robo ya mita ya mraba, basi ni lita 24 kwa mita ya mraba kwa siku, au sentimita 2.4. Ufunike mfuko kwa ndoo, kwani mkondo ukiutikisa kipimo huharibika.

Rudia kwa zaidi ya saa 12, maana maji yakipwa uvujaji huongezeka, na atakayepima wakati wa kupwa peke yake atatia chumvi katika hesabu. Wala usichote sampuli ya nitrati ndani ya pipa: maji yaliyofungiwa humo hukosa oksijeni na nitrati hubadilika. Ichukue kwa mrija mwembamba uliochomekwa mchangani kando yake, uyachuje maji papo hapo na kuyaweka kwenye barafu.