Mlima Sapo Haupo

Mliokwisha kunisikia nikilisema hili mtaniwia radhi, lakini maadamu hadithi yenyewe bado inazunguka, nami nitazunguka nayo. Mnaijua: Warumi walichinja kafara juu ya mlima uitwao Sapo, mafuta yakachuruzika kwenye majivu, mvua ikayasomba hadi mto Tiber, na wanawake waliokuwa wakifua huko wakaona nguo zinatakata upesi. Ndipo eti Waingereza wakapata neno lao «soap», yaani sabuni.

Mlima huo uko wapi? Nionyesheni kwenye ramani! Hakuna mwandishi wa Kirumi anayeutaja. Halafu tazameni hiyo kafara: miungu ilichomewa sehemu ndogo tu, nyama wakala watu. Aliyetunga kisa hiki, nadhani, hajapata kukaa karibu na mbuzi anayechomwa, akaona watu wanavyoyagombea hayo mafuta.

Haya, msikilizeni Mrumi mwenyewe. Pliny, yule aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, anaandika kwamba «sapo» ni uvumbuzi wa Wagalia, watu wa Ufaransa ya leo. Hutengenezwa kwa mafuta ya mnyama na majivu. Na kazi yake? Kufua? Wapi! Kuzitia nywele wekundu. Tena, anasema, kwa Wajerumani wanaume ndio waliopenda kuitumia kuliko wanawake. Msicheke, nimemnukuu tu. Warumi wenyewe walijipaka mafuta wakajikwangua kwa kikwaruzo cha chuma, na madobi wao walizikanyaga nguo ndani ya mikojo iliyochacha. Watu hao ndio wamfundishe nani sabuni?

Neno, basi, lilitoka kaskazini likaingia Kilatini. Waingereza walilirithi kwa mababu zao wa Kijerumani: zamani walisema «sape», Wajerumani leo wanasema «Seife», na Wafini, ambao lugha yao si ya ukoo huo kabisa, waliliazima kale wakabaki nalo, «saippua».

Najua kuna mtu anataka kuuliza: na sabuni yetu? Yetu ndiyo iliyopitia Roma! Kilatini, Kigiriki, Kiaramu, Kiarabu «sabun», kisha pwani yetu. Ni binamu ya «soap», si mtoto wake.

Wale wa mji wa Savona, huko Italia, mnaodai Wafaransa walipata «savon» kwenu, leo mmeponea chupuchupu, mwenyekiti ananionyesha saa. Ila lile neno la Kilatini, «sapo», lilitosha kuwapa Wafaransa «savon» yao.