Mama yangu wa Kigoma katika kisiwa cha Lesbos

Habari zenu, watazamaji wangu wa Kigoma, wa Dar es Salaam na wa popote mlipo. Tangu nilipotangaza kwamba mama yangu atanitembelea huku Lesbos, ninakojitolea kuwahudumia wakimbizi, wengi mmeniuliza nitamwonyesha nini katika kisiwa ambacho ninyi mmekisikia kwa habari za wakimbizi peke yake. Leo nawajibu, lakini niseme mapema kwamba kambi yenyewe hamtaiona kwa ndani, kwa kuwa mgeni haingii kule kwa kujitakia, na hata huku nje sitaonyesha uso wa mtu yeyote anayesubiri jibu la ombi lake la hifadhi. Hao ni watu, wana ndugu wanaowatafuta na wengine wana maadui wanaowatafuta pia.

Lesbos ni kisiwa cha Ugiriki kilicho karibu kabisa na Uturuki, na ukubwa wake unakaribia ule wa Unguja. Mji mkuu wake ni Mytilene. Mama alipofika Athens nilimpa nafasi ya kuchagua kati ya ndege, ambayo haimalizi hata saa moja angani, na meli inayosafiri usiku kucha kutoka bandari ya Piraeus. Alichagua meli bila kufikiri mara mbili, na asubuhi alishuka bandarini ameshajua ghala la mizigo liko wapi na wahudumu wanakula saa ngapi.

Jambo la kwanza aliloliuliza lilikuwa miti. Kisiwa hiki kinakadiriwa kuwa na mizeituni milioni 11, imepandwa hadi juu ya milima kwenye matuta ya mawe, na mtu anayetoka Kigoma, ambako mchikichi umesomesha watoto wa familia nyingi, hawezi kuitazama bila kuuliza inatoa mafuta kiasi gani na nani anayeyakamua. Kwa hiyo nilimpeleka Agia Paraskevi, kijiji kilicho katikati ya kisiwa, ambako kiwanda cha zamani kilichokuwa mali ya wanakijiji wenyewe kimegeuzwa kuwa makumbusho. Nilidhani tungemaliza upesi, lakini ilikuwa sehemu tuliyokaa muda mrefu kuliko zote.

Mnaona hapa mawe makubwa ya mviringo yaliyokuwa yakizungushwa kwa injini ya mvuke. Zeituni zilisagwa mpaka zikawa kama uji mzito, zikatiwa ndani ya mifuko iliyofumwa, mifuko ikapangwa juu kwa juu chini ya shinikizo, kisha ikamwagiwa maji ya moto ili mafuta yaliyobaki yashuke nayo. Chini kulikuwa na birika ambamo mafuta yalielea na kuenguliwa. Mama yangu amekamua na kuuza mawese tangu kabla sijazaliwa. Aliweka kiganja juu ya jiwe, akapita mashine moja baada ya nyingine, na akanieleza kazi yote kabla sijamsomea hata bango moja. "Sisi tunachemsha chikichi kwanza ndipo tunatwanga," alisema. "Hawa wanasaga mbichi, halafu maji ya moto yanakuja mwishoni. Lakini pale mafuta yanapopanda juu ya maji, pale ni pamoja." Alitaka kujua makapi yalikwenda wapi, na alipoambiwa kwamba yalitumika kuwashia moto wa injini aliridhika, kwa sababu na sisi makapi ya chikichi ndiyo yanayowasha jiko la kesho.

Chakula cha mchana tulikula kando ya ghuba ya Kalloni, inayosifika kwa dagaa wake, samaki wadogo wenye rangi ya fedha ambao wavuvi huwatia chumvi wakiwa wabichi na kuwala siku hiyohiyo. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni wa ukoo mmoja na hawa, na mama aliligundua hilo kwa macho kabla sijamweleza. Alikula kwa heshima, kisha akasema wangeanikwa kwanza.

Baada ya hapo tulielekea kaskazini, na sehemu hii nawaomba mnisikilize kwa makini. Hapa nyuma yangu, ng'ambo ya maji, ni Uturuki. Mahali palipo pembamba zaidi mkondo huu una upana wa takriban kilomita 10. Mama alisimama akapima kwa macho, akaniambia kwamba kutoka kwetu kwenda Kongo ni mbali mara nyingi zaidi, na akauliza inakuwaje watu wanafia kwenye maji ambayo ng'ambo yake inaonekana hivi. Nilimweleza kwamba wanapakiwa usiku katika boti za mpira zilizozidishwa watu, kwamba injini ni dhaifu, kwamba maji ya majira ya baridi hapa humuua mtu haraka, na kwamba baadhi ya majaketi okozi waliyouziwa yalijazwa vitu vinavyofyonza maji badala ya kuelea. Karibu na Molyvos, mji mdogo wa pwani hii ya kaskazini, kuna bonde ambamo majaketi hayo yalirundikwa, na miongoni mwake yamo madogo ya watoto.

Mwaka 2015 takriban watu nusu milioni walipita katika kisiwa hiki, ambacho wakazi wake hawafiki hata laki moja. Mwaka huohuo, mwezi Mei, maelfu kwa maelfu ya Warundi walioikimbia nchi yao walijazana Kagunga, kile kijiji chetu cha mpakani kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, ambako njia ya kutokea ilikuwa maji. Walivushwa kwa mitumbwi hadi kwenye meli ya MV Liemba iliyosubiri kwenye kina, wakaletwa Kigoma mjini, wakapokelewa Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na kipindupindu kiliwaua wengine njiani na kijijini. Mama na akina mama wenzake wa mtaa wetu walipeleka sabuni na nguo pale uwanjani. Hakuna aliyewaita wafanyakazi wa kujitolea. Kamera za dunia nzima zilikuwa huku Lesbos, na mimi ninayeishi huku nasema wazi kwamba jambo hilo linaniuma, kwa sababu ukarimu wa Kigoma, ambayo imepokea Wakongo na Warundi kwa miongo mingi, haustahili kuwa tanbihi katika habari za wengine.

Sisemi hivyo ili kuwapunguzia heshima watu wa hapa. Kijiji hiki mnachokiona sasa, chenye kanisa dogo jeupe juu ya mwamba bandarini, ni Skala Sykamnias. Mwaka 2015 bibi watatu wa hapa walipigwa picha wakimlisha kwa chupa mtoto mchanga wa mkimbizi, na mmoja wao, Emilia Kamvysi, alipendekezwa kwa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2016. Wazazi wa Bi Kamvysi nao walikuja kama wakimbizi kutoka ng'ambo hii hii, kwa sababu mwaka 1922 Wagiriki wa pwani ya Uturuki walikimbia vita kwa boti, na mkataba wa Lausanne wa mwaka 1923 ukahalalisha kubadilishana watu, hivyo Waislamu wa Lesbos nao wakahamishwa kwenda Uturuki. Ukijua hayo, unaelewa kwa nini mjini Mytilene kuna sanamu ya mama mkimbizi na watoto wake, na unaelewa pia kwamba uchovu na hasira vilivyofuata miaka ya baadaye havikufuta yale ya mwanzo.

Kambi ya Moria tuliipita bila kusimama sana. Ilijengwa kwa ajili ya watu wapatao 3,000. Mwanzoni mwa 2020 ilikuwa na karibu 20,000, wengi wao chini ya mizeituni iliyoizunguka, na Septemba mwaka huo iliteketea kwa moto. Kambi ya sasa iko Mavrovouni, kando ya bahari, mahali palipokuwa uwanja wa jeshi wa kulengea shabaha.

Kazi yangu ninaifanya nje ya kambi, katika kituo ambako watu hufua nguo, hujifunza lugha na husindikizwa kwa daktari. Mimi hutafsiri kati ya Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, kwa sababu miongoni mwao wapo Wakongo wa Kivu waliofika Uturuki kwa ndege na kuvuka kwa boti kama wengine. Napewa malazi na posho ya chakula, na najua nyumbani wapo wanaosema kwamba mtu mzima hafanyi kazi bila mshahara. Mama alikuwa mmoja wa wasemaji hao.

Nilimkaribisha kituoni siku ambayo kituo hupokea wanawake peke yao. Alisalimia, na dada mmoja Mkongo akageuka ghafla akamuuliza, "Mama, unatoka Kigoma kweli? Miye nilizaliwaka Uvira." Tangu hapo sikuwa na la kutafsiri. Waliongea habari za mgebuka, yule samaki wa ziwa letu, za bei ya mawese, za boti za bandari ya Kibirizi pale Kigoma, na mama aliketi naye wakikunja nguo zilizotoka kukauka hadi kikapu kikaisha. Dada yule ana mdogo wake aliyebaki Nyarugusu, na kwa muda mrefu simu yake haipatikani. Mama hakuniuliza chochote. Aliomba kalamu, akaandika jina, kijiji walichotoka na namba ya eneo la kambi anayoikumbuka dada yake, akaisoma kwa sauti ili kuhakikisha hajakosea.

Ameshafika nyumbani salama. Kibali cha kuingia Nyarugusu hutolewa na Wizara ya Mambo ya Ndani, na mama ameanza kukiomba.