Cheti cha Kutokea Getini

Mabibi na mabwana, na nyinyi maafande wastaafu mliowahi viti vya mbele kama kawaida yenu, hamjambo? Leo nasema juu ya askari anayestaafu na ufundi mkononi bila cheti cha kuuthibitisha.

Wengi mmepitia Lanet, karibu na Nakuru, kuja hapa mjini. Pale kwenye kambi ya jeshi, Januari 1964, uhuru haujamaliza hata miezi miwili, askari wa Kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waliasi. Walitaka mshahara wa maana, na walichoshwa na kuamrishwa na maafisa Waingereza. Leo Lanet hiyo hiyo ina Chuo Kikuu cha Taifa cha Ulinzi, kilichopewa hati mwaka 2021. Safari ndefu hiyo, nami naipongeza.

Lakini serikali imewahi kumtunza askari kwa kubagua. Mwaka 1919, enzi za ukoloni, wanajeshi Wazungu waliotoka Vita vya Kwanza vya Dunia walichezeshewa bahati nasibu ya mashamba katika Theatre Royal, Nairobi. Ardhi ya Trans Nzoia na ya Wanandi ikagawanywa hivyo. Mpagazi Mwafrika aliyebeba mizigo ya vita hadi Tanganyika aliambulia jina la mtaa wa Nairobi: Kariokor, yaani "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi. Marekani nako, sheria ya 1944 ilipeleka wanajeshi wastaafu zaidi ya milioni 2 vyuoni, ila weusi wengi walikuta milango imefungwa.

Sasa nije kwa jirani yangu. Alitengeneza malori ya jeshi miaka ishirini. Akastaafu na umri wa arobaini na kitu, watoto bado sekondari. Pensheni anayo, sikatai. Karo nayo haingoji. Akaenda gereji moja kuomba kazi. Kijana wa ofisini akamwuliza, "Mzee, cheti cha gredi ya ufundi kiko wapi?" Akatoa kitabu chake cha kuagwa jeshini, kimeandikwa tabia yake ni njema kupindukia. Kijana akakisoma chote, kwa heshima, kisha akamwuliza kama angependa kulinda geti.

Alikubali. Siku hizi lori likigoma kuwaka, mafundi humfuata pale getini.

Mimi naomba jambo dogo tu. Kurutu anaingia na D+ yake ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Basi mtihani wa ufundi, gredi ya tatu hadi ya kwanza, aufanye akiwa bado ndani ya sare, serikali ilipe, wala usisubiri mwezi wa mwisho akifunga sanduku. Cheti kiwe kile kile anachopewa fundi wa raia.

Naona afande mmoja ameinua mkono tangu nitaje pensheni. Mpeni kipaza sauti.